Mganga Asiye na Mpaka: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Wagonjwa wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Baba yangu mdogo alipoteza mguu kwa sababu ya kokoto. Iliingia kwenye gambuti ya kulia asubuhi akipalilia kahawa huko Mukurwe-ini, akashinda nayo hadi jioni bila kuihisi, maana ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaua hisia za nyayo zake. Alipovua soksi aliona damu. Akaosha, akafunga kitambaa, akalala. Baada ya wiki mbili kidole kilikuwa cheusi. Badala ya kurudi kliniki alikokuwa akichukua vidonge, alipanda matatu akaenda mjini kwa mganga ambaye tangazo lake aliliona kwenye nguzo ya stima. Alitoka huko na chupa ya soda ya nusu lita, ndani maji ya kahawia yenye mashapo chini, mfuniko umezungushiwa selotepu mara tatu. Agizo lilikuwa moja: asichanganye dawa hiyo na ya hospitali, zitapigana tumboni. Alilipa shilingi 3,500 kwa M-Pesa, akaacha vidonge. Kabla chupa haijaisha tulikuwa tumemlaza wodini, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Chupa ile ninayo hadi leo. Nilikuwa nyumbani siku aliyoileta, nikaiona juu ya meza, na sikuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo maagizo yafuatayo ni makali, na yote nayaandika kwa dhati. Ni ya mtu aliye na mgonjwa nyumbani sasa hivi, awe Karatina, Othaya, Kerugoya, Chuka, Nanyuki au Meru. Sipigani na uganga. Nimelelewa kwa supu ya mizizi na majani ya thabai, na sioni aibu. Ninayepigana naye ni mganga asiye na mpaka.

Muulize mganga ni ugonjwa gani asioweza kuuponya. Uliza hilo kabla ya kuuliza bei. Simama siku moja karibu na stendi ya matatu usome tangazo la nguzoni mpaka mwisho: anarudisha mpenzi, anashinda kesi, anaongeza nguvu za kiume, anatibu sukari, presha na saratani, anarudisha mali iliyoibwa, anafaulisha mtihani, anauza pete ya bahati. Mtu mmoja, nambari moja ya simu. Fundi wa gari aliye mwaminifu atakuambia injini anaiweza lakini mambo ya stima ya gari umpeleke mwenzake. Iweje mwili wa mamako uwe rahisi kuliko gari?

Wazee wetu hawakumpa mtu mmoja kazi zote hizo. Kati ya Wakikuyu, mundu mugo (mganga) wa kuagua alikuwa na kibuyu chake chenye mbugu, zile mbegu za kuhesabia. Alizimwaga, akazipanga, akatafuta chanzo cha shida. Kutakasa ilikuwa kazi nyingine. Kuunganisha mfupa uliovunjika ilikuwa kazi nyingine. Mkunga alikuwa mkunga. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliandika sura nzima juu ya uganga na aina zake, naye alikuwa ameuona kwa karibu: babu yake alikuwa mundu mugo, na yeye akiwa mtoto alimfuata akimbebea mfuko wa vifaa. Jambo ninalolichukua kutoka kwa wazee hao si kwamba kila walichofanya kiliponya. La. Ni kwamba kila mmoja alikuwa na eneo lake, alifunzwa na mkubwa wake, alilipwa mbuzi wanaojulikana idadi, na aliishi kwenye mwinuko uleule na wagonjwa wake. Akikosea, alikutana na wafiwa njiani kwenda mtoni.

Huyu wa nguzoni unakutana naye wapi akikosea? Simu yake imezimwa.

Muulize pia yeye akiugua huenda wapi. Mganga hajigangi. Akikuambia hajawahi kukanyaga hospitali, inuka uende zako.

Usichanganye mganga na mchawi. Kikuyu hutenganisha mundu mugo na murogi kama maji na mafuta ya taa: mmoja huponya, mwingine hudhuru. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliijenga riwaya yake kubwa Mũrogi wa Kagogo juu ya mkanganyo huohuo. Kijana Kamĩtĩ, akikimbia polisi usiku, anatundika nje ya nyumba ishara ya kutisha na kujiita murogi ili wamwogope. Baadaye mmoja wa polisi hao anarudi, si kumkamata, bali kuomba dawa ya kupandishwa cheo. Basi Kamĩtĩ anakuwa mganga kwa ajali. Anatumia kioo na maswali. Tajiri mmoja anapoletwa kwake amekwama kwenye neno moja tu, "kama… kama… kama…", haponi kwa mzizi wowote. Anapona anapoongozwa kulimaliza hilo "kama" na kusikia kwa masikio yake tamaa aliyokuwa akiificha. Ni hadithi ya nchi isiyokuwepo kwenye ramani, lakini mpaka wa uganga umechorwa humo vizuri kuliko kwenye mabango yetu. Maneno yanaweza kufungua kilichofungwa na maneno. Hakuna mahali mganga yule anadai kioo chake kinashusha sukari ya damu.

Usiache dawa ya hospitali kwa neno la mtu yeyote asiyekuandikia. Hapa sitapunguza sauti. Mwenye kisukari ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akiacha kujidunga anaweza kufa katika siku chache. Si miezi, siku. Mwenye kifua kikuu hutibiwa kwa miezi 6 au zaidi, na dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali. Akiacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimetulia na mzee fulani amempa unga, viini vilivyobaki hujifunza kuishi na dawa, kisha humwambukiza mkewe kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida. Mwenye kifafa akikatiza vidonge ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati. Mwenye virusi vya Ukimwi akiacha dawa, virusi huongezeka tena hata kama leo anajisikia mzima. Na presha haina kelele. Mtu hutembea nayo sokoni Karatina, ananunua viazi, anacheka, anafika nyumbani, anaanguka upande mmoja wa mwili.

Kauli ya "dawa zitapigana tumboni" ichukuliwe kuwa kengele ya hatari. Ni kweli baadhi ya mitishamba hugombana na vidonge. Lakini mwenye nia njema husema acha yangu uendelee na ya daktari mpaka umuulize. Anayesema acha ya daktari, anataka wiki zako tatu zijazo za malipo.

Mwambie daktari ulichokunywa. Jina la mti, rangi ya dawa, kiasi, tangu lini. Kama chupa ipo, ibebe. Ini na figo hazibagui cha porini na cha dukani. Zaidi ya hayo, mara nyingi duniani maabara zimepima unga unaouzwa kama mitishamba mitupu na kukuta umetiwa vidonge vya hospitali vilivyosagwa, hasa vile vya kutuliza uvimbe na maumivu. Ndiyo maana bibi mwenye goti bovu hujisikia msichana kwa siku kumi, kisha uso unaanza kuvimba na sukari inapanda.

Na wewe muuguzi unayesoma haya, usimfokee mgonjwa anayekiri. Ukimfokea leo, kesho atanyamaza, na ukimya huo utaulipia wewe usiku wa zamu.

Heshimu mti, lakini upime kwanza. Chukua mti wa muiri. Unaota katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na wazee wamechemsha gome lake tangu zamani kwa ajili ya mkojo unaosumbua. Wazungu hawakulicheka gome hilo. Walilinunua kwa tani na tani kutoka Afrika, wakatengeneza vidonge vya wanaume wenye tezi dume iliyovimba, hata mti ukawa hatarini na mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti chini ya mkataba wa CITES. Basi gome lina kitu. Linaweza kumpunguzia mzee safari za usiku kwenda choo. Tatizo ni kwamba tezi iliyovimba tu na tezi yenye saratani zinaweza kuanza na dalili zilezile: mkojo unachelewa, unakatika, unarudi. Gome la muiri haliponyi saratani. Mzee anayekunywa muiri mwaka mzima bila kupimwa huenda anatuliza dalili huku ugonjwa ukihamia mifupani.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Nenda hospitali kwanza, iwe ya rufaa ya kaunti pale Nyeri, Consolata Mathari, Tumutumu au iliyo karibu nawe, upimwe tezi. Ukishajua ni uvimbe wa kawaida, zungumza na daktari juu ya gome. Na ukienda msituni usizungushe panga kwenye shina zima. Mti uliochunwa gome mviringo hufa wima.

Mfano wa pili ni wa China, lakini unatuhusu. Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kutoa dawa ya malaria kutoka kwenye mmea wa artemisia uliotajwa katika vitabu vya kale vya waganga wa Kichina. Hakuishia kuuchemsha. Aliutenganisha, akajua kinachofanya kazi ni kipi, akapima kiasi. Leo dawa hiyo hutolewa ikiwa imeungwa na nyingine ili vimelea visiizoee. Wale wa Mwea, penye mashamba ya mpunga na mbu, msinywe chai ya artemisia badala ya vidonge. Kikombe hakina kipimo, na kipimo kidogo humfundisha adui.

Usimfuate mganga kwa sababu barabara imejaa magari. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kiligeuka mji. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyekuja kuitwa Babu wa Loliondo, alisema ameoteshwa dawa. Kikombe kimoja, shilingi 500 za Tanzania, mara moja tu maishani: Ukimwi, kisukari, presha, pumu, saratani. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Wakenya walivuka mpaka kwa wingi. Mawaziri walikunywa. Wagonjwa walitolewa wodini wakiwa mahututi, na wengine walifia foleni kabla ya kukiona kikombe. Waliokunywa wakaacha dawa za virusi kwa kuamini wamepona, baadhi yao hawakurudi kliniki mpaka walipozidiwa.

Mti wenyewe uliitwa mugariga. Unajua ni mti gani? Ni kile kichaka chenye miiba Wakikuyu wanachokiita mukawa, chenye matunda madogo meusi ambayo watoto huchuma wakichunga mbuzi, na mizizi yake wazee huitia kwenye supu. Watu waliuza ng'ombe ili wasafiri siku tatu kwenda kunywa kitu kilichoota nyuma ya zizi lao. Mwasapile alifariki Julai 2021. Sikumsikia mtu aliyemshutumu kwa kutajirika kupita kiasi, na bei yake ilikuwa ndogo kweli. Hilo linanifundisha kwamba hata mganga mpole, asiye na tamaa, akikosa mpaka, huua.

Usidhani koti jeupe halina uganga. Mwaka 1990 Kenya ilitangaziwa Kemron kuwa dawa ya Ukimwi, na Rais Moi mwenyewe akaisimamia. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida iliyodaiwa. Mwaka 1996 profesa mmoja wa tiba akaleta Pearl Omega, nayo ikaanguka vilevile. Aliyekuahidi kuponya kisichoponyeka, pima ahadi, usipime mavazi. Mwaka 2014 runinga ilionyesha jinsi mhubiri wa Nairobi alivyotumia kemikali ya kawaida kufanya maji ya kuoshea miguu ya waumini yageuke mekundu kama damu. Kanuni ni ileile.

Omba, lakini usimfanye Mungu kisingizio. Watu wa Nyeri tuna ushuhuda wetu. Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata kutoka Italia, watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliuguza wapagazi wa Kiafrika huko Voi, Kilwa na Lindi, akiosha vidonda vilivyooza ambavyo wengine hawakutaka kuvikaribia. Baadaye alihudumu Gikondi, humuhumu Mukurwe-ini, akipanda na kushuka vilima kwa miguu. Oktoba 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 mwezi huo akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri hapahapa Nyeri mbele ya umati mkubwa, baada ya Kanisa kukubali muujiza uliotokea Nipepe, Msumbiji.

Angalia vizuri mpangilio wa maisha hayo. Mwanamke ambaye watu humwendea kuomba miujiza aliishi akitumia maji, bandeji na mikono. Utakatifu wake haukuizuia tauni isiingie mwilini mwake, na dawa za kuua viini vya tauni zilikuwa bado hazijapatikana. Leo zipo, na mgonjwa akiwahiwa kwa kawaida hupona. Mhubiri anayekuambia kumpeleka mtoto hospitali ni kukosa imani, mwulize kama imani yake inaizidi ya Nyaatha.

Usikubali uganga wa kulazimishwa, hata mwenye kulazimisha awe serikali. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, wakoloni waliwatumia waganga wa Kikuyu kuwatakasa watu viapo vya Mau Mau hadharani, kwa mbuzi na kwa jiwe la githathi. Wazungu wenyewe wakawaita waganga wa Malkia. Wanakijiji walipangwa mstari, wakatakaswa kama ng'ombe wanaopitishwa josho. Haikufaa kitu. Mtu hawezi kutapika asichokubali kuwa ni sumu. Basi kama mume anamburuta mkewe kwa mganga akaombewe kizazi, au ndugu wanamfunga kijana kamba kwa kuwa anasikia sauti, simamisha jambo hilo. Yule kijana ni mgonjwa wa akili, anahitaji daktari wa akili, na kuna dawa.

Usimtafute aliyekuroga. Hili ndilo kosa linaloua wasio wagonjwa. Mganga anayekutajia jirani, shangazi au mke mwenza, amekupa kiberiti. Mei 2008 huko Kisii wazee 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe wakauawa hukohuko, eneo la Marani. Msiseme huku Mlimani hatuko hivyo. Mzizi ni uleule, na huanza kwa sauti ya chini sebuleni. Sheria ya Uchawi ya Kenya ipo tangu 1925 na humtia hatiani anayejidai ana nguvu hizo na anayemtaja mwenzake mchawi. Mwambie chifu kabla wenzako hawajakusanyika.

Usimpe mtu kisu amkate mtoto kimeo. Kikohozi cha mtoto hakitoki kwenye kile kinyama kinachoning'inia kooni. Anayekikata humwachia jeraha, damu nyingi, na mara nyingine pepopunda. Mtoto anayepumua mbio, mbavu zikizama, huenda ana nimonia. Mpeleke usiku huohuo, kwa boda ikibidi. Na mjamzito asinywe chochote cha kuharakisha uchungu. Yapo majani yanayobana mji wa mimba kwa nguvu isiyo na breki.

Aliyeumwa na nyoka Kieni au Laikipia asiwekewe jiwe jeusi, asichanjwe, asifungwe kamba kwa nguvu. Mtulize, usimtembeze, mwahishe. Jiwe halinyonyi sumu.

Dai cheti, na udai risiti. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya jadi, na dawa ya mitishamba inayouzwa ikiwa imefungwa inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mtaalamu wa mitishamba anayejiheshimu hukuonyesha cheti kabla hujamaliza sentensi. Usilipe kwa awamu za "jini limegoma, ongeza elfu mbili". Usimwachie kitambulisho, nguo ya ndani wala picha ya mtoto. Usiuze mti wa mbao, ndama au hisa za kiwanda cha chai kwa ajili ya dawa ambayo hakuna aliyekuambia ina nini.

Sasa la upande wa pili, maana ningekuwa mwongo kulinyamazia. Mpe mganga kile alicho na uwezo nacho. Wakikuyu walikuwa na neno thahu: unajisi unaoingia mtu akigusa maiti, akivunja mwiko, akigombana na nduguye mpaka damu ikatoka. Aliyekuwa na thahu alikonda, hakulala, hakula. Mundu mugo alichimba shimo dogo, akalitandika jani la mgomba, akatia maji, unga mweupe wa ira na vilivyotoka tumboni mwa mbuzi. Mgonjwa alipiga magoti. Mganga alichovya kichopa cha majani, akamgusisha midomoni, akayataja makosa moja baada ya jingine, na kwa kila moja mgonjwa alitema nje. Tapika hili. Tapika na lile. Majirani walisimama wakitazama. Baada ya hapo alirudishwa kati ya watu, na hakuna aliyeruhusiwa kumkwepa tena.

Sioni uongo katika jambo hilo. Mtu aliyefiwa na mtoto, aliyetoka jela, aliyekosana na nduguye kwa ajili ya mpaka wa shamba mpaka wakakatana panga, anahitaji watu wamwone akitema na wampokee. Hospitali zetu haziwezi kazi hiyo. Daktari ana dakika tano na foleni hadi getini. Kama kwenu kuna mzee, mchungaji au mama wa kikundi anayejua kuwakalisha ndugu wawili chini mpaka wakala pamoja, huyo ni mganga. Mtafuteni. Mlipeni mbuzi. Lakini ndugu hao wakishapatana, yule mwenye jeraha la panga ashonwe na adungwe sindano ya pepopunda siku hiyohiyo.

Fanya hili wiki hii. Kuanzia Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nchi nzima walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Mmoja wao anaishi kijijini kwenu. Pengine ni yule mama anayeuza mboga, aliyevaa fulana ya kazi. Mwite nyumbani, apime kila mtu aliyepita miaka 40, aandike nambari kwenye daftari, na daftari likae mahali panapoonekana. Mganga wa nguzoni hakuulizi nambari. Ukiwa nazo, utajua kikombe chake kimebadilisha nini.

Na mwenye kisukari aangalie miguu kila siku, katikati ya vidole, chini ya kisigino, kwa kioo kama hawezi kuinama. Asitembee pekupeku. Kidonda kisichofunga kwa siku tatu kipelekwe kliniki, kisipelekwe kwingine kwanza.

Baba mdogo sasa huvaa gambuti moja. Kila asubuhi, kabla ya kuivaa, huigeuza, huikung'uta mara mbili ukutani, kisha huingiza mkono ndani hadi kwenye ncha na kupapasa polepole. Kama una sukari, fanya hivyo kesho.